Dada, ubaridi wa shemeji ni wa makusudi

Dada yangu,

Jana usiku ulinipigia ukilia. Umemshika shemeji mkono, umeukuta baridi, ukaamini ameshatutoka na wanakuficha. Nilikosa maneno. Nakuandikia hapa hadharani kwa sababu wapo wengine waliokaa kando ya kitanda kama hicho.

Hajatutoka. Ubaridi ule amewekewa na madaktari. Moyo wake uliposimama, ubongo ulikosa oksijeni. Uliporudi kupiga, madhara hayakukoma palepale. Kwa saa na siku kadhaa seli za ubongo huendelea kuumia, na joto la mwili likipanda huongeza madhara hayo. Kila nyuzijoto moja inaposhuka, mahitaji ya ubongo ya oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 6. Ndiyo kazi ya lile blanketi linalozungusha maji baridi. Dawa za usingizi nazo zinamzuia asitetemeke, maana mwili unaotetemeka hujipasha joto wenyewe.

Mtu atakuambia jamaa yake hakupozwa hivyo. Usitaharuki. Mwaka 2002 tafiti mbili, ya Ulaya na ya Australia, zilionyesha kuwa waliopozwa hadi nyuzi 32 hadi 34 hivi walirudi na akili timamu kwa wingi zaidi. Mwaka 2021 utafiti wa wagonjwa wapatao 1,900 haukuona tofauti kati ya nyuzi 33 na kuzuia homa tu. Kuhusu kiwango cha ubaridi madaktari bado wanabishana. Kuhusu kuzuia homa, wengi wanakubaliana. Basi kesho ukipata nafasi ya swali moja, uliza wanaizuiaje homa.

Na hili nakusihi: usikubali kukata tamaa mapema. Mwili uliopozwa hukawia kutoa dawa za usingizi, kwa hiyo asipofumbua macho siku ya pili bado hujaambiwa lolote. Madaktari makini husubiri angalau saa 72, kisha hupima mboni za macho, umeme wa ubongo, picha na damu kwa pamoja. Sitakudanganya, wengi hawaamki. Ila hilo hulijui kwa kumgusa mkono.

Wakianza kumpasha joto watakwenda polepole, robo hadi nusu nyuzi kwa saa. Nitakuwa nimefika kabla hawajamaliza. Wewe endelea kumshika.

Mdogo wako