Mguu Usiufiche: Barua kwa Mwanangu Anayepanda Mlima

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka nyumbani. Mama yako hajambo, na migomba imepata mvua ya kutosha. Amenieleza kwamba umepata safari yako ya kwanza Kilimanjaro, siku 7 kwa njia ya Machame, na kwamba utabeba kilo 20 kama wenzako, mbali na begi lako mwenyewe. Nimefurahi sana, mama. Ila kabla hujafika getini nataka tuzungumze habari ya miguu yako.

Sisi tuliobeba mizigo mlimani tunaitwa wagumu. Nilipokuwa na umri wako nililipenda mno jina hilo, na ndilo lililoniponza. Safari yangu ya pili nilivaa buti za kuazima, zimenizidi kidogo. Siku ya kwanza, kwenye tope la msituni, kisigino cha kushoto kikaanza kuwaka. Hakikuuma, kiliwaka tu, kama kimepakwa pilipili. Nikanyamaza. Niliogopa kiongozi akiniona nimetua mzigo nafungua kiatu, atasema huyu mlegevu, na safari nyingine nisiitwe. Kufika kambi ya Shira lengelenge lilikuwa limepasuka, soksi imegandamana na nyama. Nikanyamaza tena hadi kambi ya Barafu, nikashuka hivyo hivyo hadi geti la Mweka. Nyumbani niliingia na homa, usaha kisiginoni, na mtoki umevimba kinenani. Msimu wote uliobaki sikubeba kitu. Lile kovu umeliona tangu utotoni, ila sikuwahi kukuambia lilikotoka.

Basi kiatu kikianza kuchoma, tua mzigo pale pale. Wakati huo ngozi bado nzima. Jasho linailainisha, kiatu kinaisugua, tabaka la juu linaachana na la chini, na maji yanajaa katikati. Ukiuwahi ule moto, ukakausha mguu, ukabandika plasta iliyonyooka bila mikunjo na kubadili soksi, mara nyingi huishia hapo. Mwambie na kiongozi. Kiongozi anayeijua kazi yake atakushukuru, maana mgumu aliyeshindwa kutembea njiani ni mzigo wa wenzake. Asiyetaka kusikia, mwanangu, huyo usipande naye tena.

Lengelenge likishajaa na halikusumbui, liache, lifunike. Likiwa mahali pa kukanyagia na huwezi kwenda, osha mikono, safisha sindano kwa spiriti, toboa pembeni, kamua maji polepole. Ile ngozi ya juu usiibandue hata ikikuudhi, ndiyo bandeji yako. Ukiona wekundu unatambaa au usaha, shuka ukatibiwe.

Buti nenda kanunue Memorial, lile soko la mitumba la Moshi, ila nenda jioni, miguu ikiwa imevimba kwa kutembea, na uvae soksi zile zile za mlimani. Vidole vichezeshe mbele. Kama vinagusa, hata bei iwe nzuri namna gani, ziache. Zikunje soli kwa nguvu uone gundi. Buti za mtumba zilizokaa sana huwa nzuri machoni kisha soli ikabanduka juu ya mawe. Ukishazipata zivae shambani, zivae kanisani, zivae hadi zikuzoee. Usianze nazo getini.

Soksi za pamba ziache nyumbani, zinashika jasho na hazikauki. Vaa za sufu, na chini yake jozi nyembamba ya nailoni, ili soksi zisuguane zenyewe badala ya kukusugua wewe. Jozi moja iwe ya kulalia tu, isiguse njia hata siku moja. Ukifika kambini, kabla hujanywa chai, vua, futa hadi katikati ya vidole, acha miguu ipate hewa. Huko juu miguu ikifa ganzi usiitumbukize kwenye maji ya moto ya jikoni, kwa sababu hutasikia yakikuunguza. Ipashe taratibu kwa soksi kavu na kwa mwili wako.

Kucha zikate siku tatu kabla ya kupanda, zinyooke, pembe usizichimbe. Watu wengi huwaza kupanda tu, kumbe kushuka ndiko kunakong'oa kucha. Kutoka Barafu hadi geti la Mweka ni kama mita 3,000 za kuteremka, na mzigo unakusukuma mbele. Kabla ya kuanza kushuka, kaza kamba pale kifundoni ili mguu usiteleze na vidole visigonge ncha ya kiatu.

Nimempa mama yako mfuko akuletee: plasta ya kuviringisha, sindano, kichupa cha spiriti, na jozi mbili za sufu. Ukishashuka Mweka njoo nyumbani kwanza. Nitakuwekea beseni la maji uani, uvue viatu, niitazame hiyo miguu mwenyewe.

Baba yako.