Wanywe, ila pasiuzwe

Berlin, Juni 2025

Shoga yangu Mwajuma,

Salamu nyingi. Huku tu wazima, isipokuwa hii chavua ya Juni inayonipigisha chafya mpaka macho yanavimba. Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza nikiwa kwenye treni, nikacheka peke yangu kama mwehu ulipofika kwa yule mzee aliyesema kikaoni kwamba pombe ikiingia bustanini hata miembe itaona haya. Kumbe siku hizi u mjumbe wa kamati ya mtaa! Hongera, na pole.

Umetaka nikueleze huku wanafanyaje, maana kamati yenu huko Tanga inajadili kama pombe iruhusiwe kwenye bustani ya mtaa, na yule kijana wenu wa kamati anasema Wazungu wanaruhusu pombe bustanini na hakuna kinachoharibika. Nimeona bora niandike, mambo haya kwa simu hayaishi. Ni kweli wanaruhusu. Vinavyoharibika vipo pia, na vile visivyoharibika vina sababu zake ambazo kijana wenu hakuzitaja.

Nakaa Wedding, upande wa kaskazini, kwenye mitaa wanayoiita ya Kiafrika. Ukitoka kwangu ukatembea kidogo unakuta Sansibarstraße, ukiendelea unakuta Tangastraße. Usicheke. Ndiyo, mimi mtoto wa Tanga nimevuka bahari nikaangukia kwenye mtaa wa Tanga, na ule msemo wa kwetu Tanga wa waja leo waondoka leo kwangu umegoma. Majina hayo ni masalia ya ukoloni wao kwetu. Agosti mwaka jana barabara moja hapa iliyopewa jina la Carl Peters, yule mkoloni wa Kijerumani, mwaka 1939 ilibadilishwa jina, kipande kimoja sasa kinaitwa Maji-Maji-Allee. Hilo nitakuandikia siku nyingine, nina maneno mengi.

Pembeni ya mitaa hii ndipo ilipo bustani ya Rehberge. Ni kubwa hasa, ina vilima, majani, miti, hata zizi la nguruwe pori ambao watoto wanawapenda kupita kiasi. Jumamosi ya jua huoni pa kutia mguu. Familia za Kituruki na za Kiarabu zimetandika mazulia, birika la chai katikati, wanabangua mbegu za alizeti. Hatua kumi kutoka kwao vijana wamekuja na kreti ya bia, wameibeba wawili wawili kama jeneza. Mwezi huu jua linazama saa tatu na nusu usiku, kwa hiyo watu wanakaa wee. Mpaka hapo kijana wenu ana haki: wanywaji na wasiokunywa wako kwenye majani yale yale na hawapigani.

Sheria yenyewe ni nyepesi. Mtu mzima hakatazwi kunywa bustanini. Bia na divai mtu ananunua akitimiza miaka 16, pombe kali mpaka 18. Kwenye viwanja vya kuchezea watoto pombe ni marufuku. Halafu kuna jambo dogo ambalo mgeni hawezi kuligundua: kuuza kitu kwenye majani ya bustani lazima uwe na kibali, na vibali hawavigawi kama pipi. Anayekunywa pale kaja na chupa yake kutoka dukani, ambako bei haifiki nusu ya ile ya mezani baa. Likumbuke hilo, nitalirudia.

Sasa usafi. Kijana wenu angekuja hapa Jumapili asubuhi angeona majani yamebaki na vizibo na vipisi vya sigara, lakini chupa hakuna. Angesema hawa watu wastaarabu. Ningemwambia akae mpaka jioni amwone bibi mmoja ninayemfahamu kwa sura. Hapungui miaka sabini, ana kitoroli cha sokoni cha magurudumu mawili na glavu za bustani. Anasimama mbali kidogo na blanketi lako, macho kwenye chupa. Hakuombi kitu. Ukimalizia mafunda ya mwisho anainama, anamwagia majani tone lililobaki, anaikagua chupa, anaitia kitorolini taratibu isigongane na wenzake. Kopo analishika kwa vidole viwili kama yai, kwa sababu likibonyea mashine ya dukani inashindwa kulisoma na hela imepotea.

Hela yenyewe ni amana. Kila chupa ya kawaida ya bia umeinunua pamoja na senti 8 za chupa, kopo na chupa nyingi za plastiki ni senti 25. Ukirudisha, unarudishiwa. Mnywaji hana shida na senti 8, anaiacha chupa kando ya pipa la taka, na huo ndio uungwana wa hapa: usiitupe ndani, mwachie anayeokota asichafue mikono. Piga hesabu, Mwajuma. Chupa 125 ndiyo yuro 10. Bibi wa watu pensheni haimtoshi, anapinda mgongo mara 125 apate hela ya chakula cha siku mbili tatu, halafu watu wanasifu bustani kuwa safi. Mimi nikiona mtu anatolea mfano usafi wa Berlin, huwa namkumbuka yule bibi na kitoroli chake.

Kwenu je? Chupa ya bia ya baa inarudi kwenye kreti, kweli, lakini vile vichupa vya plastiki vya pombe kali vilivyojaa baada ya serikali kupiga marufuku viroba, ile pombe ya vifuko, Machi 2017, nani atavirudisha na kwa senti ngapi? Vitabaki kwenye majani mpaka mvua ivipeleke mtaroni. Muulizeni kijana hilo kwanza.

Halafu choo. Nisamehe, nitakaa hapa kidogo kwa sababu kwenye mijadala ya namna hii wanaume hulipita haraka. Bia inaingia, bia lazima itoke. Rehberge ni kubwa, na vyoo haviendani na watu wanaokuja. Wanaume wanaingia vichakani, na siku za joto kali kuna sehemu za njia unapita umeziba pua. Wanawake tunajibana, au tunaondoka mapema. Vyoo vya jiji vilikuwa senti 50 kwa sarafu, wezi wakawa wanavivunja wachukue hizo sarafu, mpaka jiji likaacha kupokea sarafu kabisa. Jiji tajiri namna hii, choo kinawasumbua! Sasa bustani yenu, kama naikumbuka vizuri, ina choo kimoja na ufunguo anao mtu ambaye kila ukimwulizia ametoka kidogo.

Na usidhani kila mnywaji ni kijana wa chuo na gitaa. Kuna uwanja unaitwa Leopoldplatz, juu ya kituo cha treni ya chini kwa chini, mbele ya kanisa. Pale kuna watu wanaanza kunywa asubuhi, na wengine wamezeekea pale pale. Manispaa ilijaribu jambo ambalo mimi naliheshimu: badala ya kuwafukuza tu, iliwatengea upande wao, na wafanyakazi wa ustawi wa jamii wanapita kuongea nao, wanawajua kwa majina. Halikumaliza tatizo. Siku hizi dawa za kulevya zimezidi hata pombe, na wazazi wa maeneo yale wamechoka. Ila angalau mtu akianguka kuna anayejua aite nani. Wenzao wa Hamburg waliamua vingine, tangu Aprili 2024 kunywa eneo la stesheni kuu ni kosa. Mimi sheria za hivyo sizishangilii. Mwenye roshani atakunywa kwenye roshani yake, mwenye hela atakwenda baa. Atakayebaki kukamatwa ni asiye na kimoja wala kingine.

Kwa hiyo nikirudi kwenu. Ujumbe wako nimeusikiliza mara mbili nione kama nimeelewa: kijana hapendekezi tu watu waruhusiwe kunywa. Anataka mpate mzabuni, ajenge kaunta ya vinywaji upande wa baharini, alipe ushuru, na ushuru ukarabati mabenchi. Na ili mzabuni asipate hasara, mtu asije na kinywaji chake kutoka nje. Nimeelewa vizuri? Kama ndivyo, basi kachukua ya Berlin kaigeuza kichwa chini miguu juu. Huku kunywa ruksa, kuuza mpaka kibali. Yeye anataka kuuza ruksa, na anayekuja na chake afukuzwe.

Unajua itakavyokwenda, wewe umekulia Tanga kama mimi. Mwezi wa kwanza kaunta. Wa pili viti vya plastiki kumi, vyekundu, vya kampuni ya bia. Wa tatu turubai, kisha spika mbili kubwa, na Ijumaa disko. Mwaka hauishi, mhudumu anamfuata mama aliyekaa na watoto wake kwenye benchi: nikuletee nini? Akisema hana haja, anaambiwa hapa ni pa wateja. Wale wazee wa bao watasogezwa. Muuza kahawa na kashata ataambiwa anaharibu biashara. Pale ndipo mtu asiye na shilingi mfukoni anaweza kukaa akaangalia bahari mpaka jua lizame, bila kuulizwa. Sehemu za hivyo mjini zimebaki ngapi? Baa na grosari zimejaa kila kona, mwenye kiu hakosi pa kwenda. Mwenye kutaka kukaa bure ndiye anayekosa.

Najua wewe pombe hutaki hata harufu yake, na sikuandikii ubadili dini. Ila nikuombe kitu kama rafiki: kikaoni usijifiche kwenye hoja ya uchafu kama kinachokuuma ni kwamba watu watakunywa na adhana ya magharibi inasikika pale pale. Sema hivyo hivyo. Ni hoja ya haki, watu wa mtaa ule ndio wanaoishi nayo, na watakuheshimu zaidi. Na hofu ya wanawake isemwe pia, kwa sauti. Mimi huku ninakosifia, saa nne usiku sikatizi Rehberge. Nazunguka barabarani kwenye taa, dakika kumi zaidi, hata kama viatu vinabana. Hakuna aliyenifanya kitu. Lakini kundi la wanaume wamelewa gizani ni kundi la wanaume wamelewa gizani, Tanga na Berlin.

Upande wa pili, msipige marufuku ya jumla kwa hasira. Mnajua wenyewe nani ataisimamia. Marufuku ya hivyo ni mtaji wa mgambo. Kijana aliyekaa kimya na kopo lake moja atatoa elfu tano asipelekwe kituoni, na mkubwa aliyeegesha gari lake pale pembeni na chupa ya konyagi hataguswa. Bustani haitapata hata shilingi moja ya hizo faini, na kelele zitabaki zile zile.

Ningekuwa kwenye kiti chako, ningesema hivi. Kuuza pombe ndani ya bustani, hapana, asije mzabuni wala mjomba wa mzabuni. Mtu mzima aliyekuja na kinywaji chake, mbali na bembea za watoto, bila spika, aachwe mpaka saa mbili usiku, kisha aende zake. Na hata hilo lisianze kabla choo hakijajengwa, kiwe na maji, na mtu anayelipwa mshahara kukisafisha, asitegemewe bibi wa kuokota. Hela ya mabenchi itafutwe kwenye ushuru wa maegesho ya pale nje, mbona magari yanajaa kila Jumapili? Kama kamati itakataa hata hicho kipengele cha kunywa, mimi sitalia. Hicho cha kuuza ndicho nakuomba usikikubali, hata wakikuletea soda na sambusa.

Na uhakikishe imeandikwa kwenye muhtasari, kwa neno "kuuza", lisije likawa "huduma ya vinywaji". Unawajua watu wa zabuni. Kabla hujasaini piga picha ukurasa unitumie, nitausoma usiku huo huo.

Mwambie Abuu ahadi ya viatu iko pale pale, anitumie saizi ya mguu aliyopima jioni, siyo asubuhi, na asinidanganye kwa ajili ya fasheni. Mama msalimie sana, mwambie dawa ya magoti nimeipata, anakuja nayo mtu Julai. Na wewe usinywe chai ya kikao yenye sukari vijiko vinne, daktari alishasema.

Wako,
Edna