Linux: limiti moja kwa kadi zote

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongee na mafundi wa netiweki, maana hili jambo linaumiza watumiaji bila sababu. Unakuta kompyuta ya Linux inagawa intaneti kupitia eth1 (kadi ya waya) na wlan0 (kadi ya Wi-Fi), laini yenyewe ni Mbps 20, fundi anaweka HTB (kidhibiti cha kasi) ya 20 kwenye kila kadi halafu anaona kamaliza. Hajamaliza! tc, zana ya Linux ya kupanga kasi, inahesabu kila kadi peke yake, kwa hiyo zikivuta zote mbili zinataka hadi 40, foleni ya data inahamia kwa mtoa huduma na simu za video zinaanza kukatakata. Dawa imo ndani ya kaneli (kiini cha Linux) yenyewe, ni IFB, yaani kadi ya kubuni isiyo na kifaa: unawasha ifb0 (hiyo kadi ya kubuni), unaweka filta ya mirred, inayoelekeza data kwingine, kwenye kadi zote mbili ili paketi (vipande vya data) zipitie hapo, HTB inakaa hapo tu, na uiweke chini kidogo ya laini, mfano 18, foleni ibaki kwako. Chini yake weka fq_codel, kipanga foleni kinachogawa zamu, hiyo msiiruke jamani, ndio inazuia faili moja kubwa linaloshushwa lisiwakalie wengine. Fanyeni hivyo kwanza kabla hamjamwambia mteja anunue laini kubwa zaidi.

Fundi, msomaji wenu