Sili za habu na breki za Canter: barua kwa Baba Zawadi

Makambako,
12 Agosti

Ndugu yangu Baba Zawadi,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye baridi. Sisi wazima, watoto wamefunga shule na nyumba haina utulivu. Ujumbe wako nimeupata pamoja na picha za tairi za nyuma za lori lako la Canter, zilivyolowa. Nimeziangalia sana, hasa ile ya tairi ya ndani upande wa kushoto, na jambo la kwanza ninalokuambia ni hili: usishuke mteremko wa Kitonga na gari hilo. Nyanya za Ilula zitafutie gari jingine wiki hii. Na huyo fundi anayetaka kuosha lainingi (zile pedi zinazosugua breki) kwa petroli, apachike sili moja (ile pete ya kuzuia oili) na muondoke jioni ileile, mpe hela ya chai umuage vizuri.

Kabla hujafungua chochote, gusa ule unyevu unuse. Oili ya difu, yaani ya gia za ekseli ya nyuma, ni nzito, inateleza kati ya vidole na ina harufu ya kiberiti isiyosahaulika. Maji ya breki ni mepesi na hubabua rangi yanapopita; ukiyakuta hayo, tatizo liko kwenye silinda ya gurudumu. Kwa ile michirizi mizito kwenye rimu mimi naona ni difu. Tena umesema ukikanyaga breki gari linavuta kulia. Inaingia akilini: kushoto shuu, zile zinazobeba lainingi, zinateleza kwenye oili, kulia zinashika.

Sasa kuhusu sili. Habu (vitovu vya magurudumu) nyingi za malori ya Kijapani ya kiasi hiki zina sili mbili. Ya nje inaizuia oili ya difu, inayokuja kwa njia ya shafti inayozungusha gurudumu, isiingie kwenye beringi zenye grisi. Ya ndani inaizuia hiyo grisi isiende kwenye dramu, ngoma ambayo shuu huibana ndani. Oili ikishafika kwenye dramu, ujue zote mbili zimeshapitwa. Kwa hiyo nunua mbili, na za upande wa pili pia, maana zina umri uleule.

Ila sili haifi bure. Ingia chini ya gari utazame juu ya nyumba ya difu, kuna kipumulio kidogo. Mara nyingi kimezibwa na udongo na grisi ya miaka. Difu likipata moto hewa ya ndani inatanuka, ikikosa pa kutokea inaisukuma oili kwenye sili. Unaweza kubadilisha sili kila mwezi na kipumulio kikawa kinakucheka. Kifungue, kioshe kwa dizeli, kipulize hadi upepo upite. Halafu uliza nani aliongeza oili mara ya mwisho na gari lilikuwa limeegeshwaje. Oili inatakiwa iishie kwenye mdomo wa tundu la kujazia, gari likiwa sehemu tambarare. Vijana wengi hujaza gari likiwa limeinama, wanaona bado kuna nafasi, wanaongeza.

Hapa naomba unisikilize vizuri. Handibreki ya Canter haishiki magurudumu, inashika propela, ile shafti ndefu inayokwenda kwenye difu, nyuma ya gia boksi. Ukipiga jeki gurudumu moja la nyuma, lile lililobaki chini linaweza kuzunguka kwa sababu difu inaruhusu, na gari likaondoka huku handibreki imevutwa mpaka mwisho. Ukichomoa shafti ndiyo kabisa, handibreki haina tena kitu cha kushika. Kwa hiyo weka magogo mbele na nyuma ya matairi ya mbele, shusha ekseli juu ya stendi za chuma, na utingo wako asiingize hata mguu chini ya gari lililobebwa na jeki peke yake. Nimeona watu wazima wenye akili zao wakibishana kuhusu hili pale gereji. Wewe usibishane nao, weka magogo.

Nati za magurudumu upande wa kushoto zitazame kabla hujarukia bomba la kuongezea nguvu kwenye spana. Kwenye Canter za zamani zina uzi wa kushoto, stadi zake zimeandikwa L, unafungua kwa kuzungusha kama unakaza. Tairi ya nje ikitoka, ya ndani inashikwa na nati ndefu zenye kichwa cha pembe nne, na hizo zinataka spana yake.

Legeza ajasta (kirekebishi cha breki) kwanza ili shuu zirudi ndani, la sivyo ukingo wa dramu iliyolika utazing'ang'ania. Fungua bolti za shafti, weka beseni, ivute taratibu maana oili itafuata. Habu ikishatoka, osha kila kitu kisha pitisha ukucha pale mdomo wa sili unapokaa. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, sili mpya haitadumu hapo hata ukinunua ya bei gani. Alama ndogo unaisugua na msasa laini; mfereji wa kweli unataka pete mpya. Beringi nazo zizungushe kwenye mwanga: zikiwa na vishimo au rangi ya buluu ya kuungua, badilisha pamoja na kikombe chake, ile pete ya nje. Beringi inayocheza huitikisa habu, na habu inayotikisika hula sili.

Kuingiza sili mpya, upande wenye springi uelekee kile inachokizuia. Paka mdomo wake grisi, igonge kwa kipande cha bomba kinachoenea duara lote, polepole, iingie sawa. Ukiigonga kwa nyundo upande mmoja mmoja, bati lake linapinda na umepoteza hela.

Nati ya beringi ndiyo inayotenganisha fundi na mbahatishaji. Ikaze huku mwingine anazungusha habu ili beringi zikae, kisha irudishe kidogo, sehemu ya robo mzunguko hivi, mpaka habu izunguke kwa wepesi bila kucheza ukiitikisa juu na chini. Funga loki yake. Wapo wanaokaza kwa nguvu zote na kuondoka, halafu habu inachemka kabla hawajafika Ruaha Mbuyuni.

Lainingi zilizolowa hazioshwi. Oili imeshazama ndani. Petroli inatoa ya juu tu, na moto wa kwanza wa breki unaivuta ya ndani ije juu tena. Gonga lainingi mpya kushoto na kulia, aina moja, la sivyo gari litaendelea kuvuta. Mwambie mgongaji aanzie riveti za katikati akielekea pembeni, ili lainingi ilale vizuri kwenye shuu. Vumbi la zamani lisipulizwe kwa kompresa. Lainingi za zamani zilikuwa na asibesto, na vumbi hilo halifai mapafuni. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa. Ukiwa hapo funua raba za silinda za gurudumu. Zikiwa na unyevu ndani, tengeneza sasa hivi, kisha utoe upepo kwenye mfumo.

Kurekebisha breki, subiri dramu zipoe. Dramu ya moto imetanuka, ukiirekebisha hivyo ikipoa itabana. Nyuma ya bamba la breki kuna tundu lenye kizibo cha raba. Ndani yake kuna kigurudumu cha meno. Kisukume kwa bisibisi mpaka gurudumu likatae kuzunguka, kanyaga pedeli mara kadhaa ili shuu zikae katikati, kaza tena ikihitajika. Halafu rudisha meno machache mpaka lizunguke huku ukisikia mkwaruzo mwepesi. Kama kila shuu ina ajasta yake, fanya moja hadi mwisho ndipo uende ya pili. Magurudumu yote ya nyuma yafanane, na ya mbele usiyasahau.

Shafti ukiirudisha, weka gasketi mpya, jaza difu, kisha zunguka na gari tupu barabara ya tambarare. Simama, sogeza mkono karibu na kila dramu. Moja ikiwa na moto kuliko wenzake, inabana. Baada ya mzigo wa kwanza kaza tena nati za magurudumu, za ndani kwanza.

Ile spana ya pembe nne ninayo. Nitampa konda wa basi la kesho asubuhi, uiulizie hapo Ilula mchana. Nitaweka pamoja na kipande cha bomba cha kugongea sili, kwenye mfuko wa saruji. Spana irudi mapema, ni ya shemeji. Na nitumie picha ya kipumulio kabla hujakiosha, nataka kukiona.

Msalimie sana Mama Zawadi na mzee.

Ni mimi rafiki yako,
Baba Eliya