Risala kwa mgeni rasmi: kopo la dawa la bibi na kitu kinaitwa asetili

Mheshimiwa mgeni rasmi, daktari wetu, mwalimu mkuu, walimu wote, wazazi wetu na wanafunzi wenzangu, asalaam aleikum, na wengine wote hamjambo. Karibu sana skulini kwetu, najua kuvuka Likoni asubuhi na ile foleni ya feri si mchezo, na umefika hata kabla ya baadhi ya wenzetu wanaokaa hapa Majengo, tumeliona hilo na twakushukuru kwa moyo.

Mimi nimetumwa na wenzangu wa klabu ya sayansi. Desturi yetu kila mwaka tunachagua kitu kimoja tu tunakisoma mpaka kituingie, mwaka jana ilikuwa maji ya visima vyetu kwa nini yana chumvi, na mwaka huu ni asetili. Wengi walituuliza asetili ni nini na yatuhusu nini sisi watu wa Mombasa, na ukweli hata sisi mwanzoni tuliona ni mambo ya kwenye karatasi ya mtihani tu, mpaka siku ya kopo la bibi yangu.

Bibi yangu alipata kiharusi kidogo miaka miwili iliyopita, alhamdulillahi alipona, na daktari akamwambia awe anameza aspirini ndogo kila siku, ile ya miligramu 75. Sasa kuna duka moja la dawa alikuwa akinunua, wanamhesabia vidonge wanamtilia kwenye bahasha ya khaki, akifika nyumbani anavimimina kwenye kopo la zamani la majani ya chai analiweka dirishani jikoni, na sisi twakaa Mji wa Kale, upepo wa bahari unaingia ndani mchana kutwa, hata chumvi mezani kwetu hailali usiku mmoja bila kulowa. Siku hiyo mama akafungua lile kopo akashtuka, akaniita, nusa hapa. Nikanusa. Ilikuwa siki! Siki kabisa, kama ile tunayotia kwenye kachumbari. Bibi akasema ndio imekuwa hivo muda mrefu, yeye alidhani ndio dawa imeiva imekuwa kali zaidi.

Nikachukua vidonge vinne nikavileta skuli. Mwalimu wetu wa kemia hakusema kitu, alivinusa tu alafu akatuambia tutafute kidonge kipya kilichofungwa kwenye pakiti yake, tukasaga cha bibi kwenye testitubu moja na kile kipya kwenye nyingine, tukatia maji kidogo, kisha tone moja la kloridi ya chuma. Kile kipya kilibaki na rangi ya manjano hafifu. Cha bibi kikageuka hapohapo, zambarau iliyokoza, kama juisi ya zambarau zenyewe zile za Marikiti. Darasa zima lilinyamaza.

Mheshimiwa mgeni rasmi, wewe ni daktari utakuwa umeshajua, lakini naomba niwaeleze wazazi. Asetili ni kipande kidogo sana cha molekuli, kaboni mbili, haidrojeni tatu na oksijeni moja, basi, hakuna zaidi. Hakikai peke yake, kazi yake ni kupachikwa juu ya kitu kingine kama kiraka kwenye nguo, na kikipachikwa kile kitu kinabadilika tabia, kikibanduliwa kinarudi kama kilivyokuwa au kinakuwa kitu kingine. Aspirini ni asidi ya salisili iliyotiwa kiraka cha asetili. Unyevu wa hewa yetu ulikuwa unavibandua vile viraka kimoja kimoja ndani ya lile kopo, asetili ikitoka na kushikana na maji inakuwa asidi ya siki, ndio ile harufu, na kinachobaki ni asidi ya salisili ambayo ndiyo inayogeuza kloridi ya chuma kuwa zambarau.

Na kile kiraka ndicho bibi alichokuwa anakihitaji, si kingine. Aspirini ikiingia kwenye damu inakutana na plateleti, zile chembe ndogo za kugandisha damu, ndani yake mna enzaimu, yani protini ya kuendesha kazi za mwili, inaitwa COX-1, na aspirini inaitoa ile asetili yake inaipachika juu ya ile enzaimu, mlango unazibwa, enzaimu haifanyi kazi tena. Na plateleti haina kiini, kwa hivo haiwezi kutengeneza enzaimu nyingine, imezibwa mpaka ife, na yaishi kama siku saba mpaka kumi. Ndio maana kidonge kidogo vile mara moja kwa siku kinatosha kupunguza damu kuganda. Aliyegundua vile aspirini inavyozuia mwili kutengeneza prostaglandini, zile kemikali zinazotokana na kazi ya enzaimu kama hiyo COX-1, ni Mwingereza John Vane mwaka 1971, akapewa Nobel 1982, na watu walikuwa washaimeza tangu 1899, yani miaka zaidi ya 70 dunia nzima inameza kitu bila kujua kinafanyaje kazi. Bibi sasa anapewa vidonge ndani ya pakiti zake za kubonyeza, na lile kopo limerudi kwenye majani ya chai. Na wazazi tafadhali, hii aspirini ya kila siku ni ya kuandikiwa na daktari, kuna watu inawatoa damu tumboni, usije ukasikia risala hii ukaenda kununua.

Baada ya hapo tukaanza kuiona asetili kila mahali. Chukua mbaazi na mahamri ya asubuhi. Ule unga wa mahamri, mafuta yaliyokaangiwa, tui la nazi, mpaka mbaazi zenyewe, mwili unavikatakata na sehemu kubwa inaishia kuwa kitu kimoja, asetili iliyobebwa na kibebaji kinaitwa koenzaimu A. Huyo kibebaji aligunduliwa na Fritz Lipmann, akapata Nobel mwaka 1953 pamoja na Hans Krebs, na asetili ikiwa imeshabebwa alikuja kuipata Feodor Lynen mwaka 1951 kwenye hamira, hamira hihi ya kuumulia mahamri. Kutoka hapo mwili unaamua, ichomwe iwe nguvu, au iunganishwe iwe mafuta, au iwe kolesteroli, na kolesteroli ina kaboni 27 na zote zinatokana na asetili. Mtu wa sukari akikosa insulini kabisa ini lake linajaa asetili isiyo na pa kwenda, linaigeuza kuwa ketoni, damu inakuwa asidi, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyoiva sana. Mwenzetu mmoja wa klabu alipojifunza hilo alilia, manake alikumbuka vile babake alivyokuwa ananuka usiku ule walipompeleka hospitali, na hakuna aliyejua nyumbani kwao kwamba ile harufu ilikuwa inawaita.

Hata mimi kushika karatasi hii ni asetili, neva inaiambia misuli ikaze kwa kutumia asetilikolini, ambayo Otto Loewi aliionyesha mwaka 1921 kwa mioyo miwili ya vyura, wa kwanza aliupunguza mapigo kwa kuishtua neva yake, maji yaliyokuwa humo akayatia kwenye wa pili na wa pili nao ukapunguza mapigo. Kuna enzaimu inakaa pale kazi yake ni kuikata ile asetilikolini, maelfu kwa sekunde moja, na baadhi ya dawa za kuulia wadudu shambani zinaiziba hiyo enzaimu, ndio mtu anajaa mate, anatoka jasho, kifua kinambana. Sitakaa sana hapo.

Nataka nikae kwa mjomba wangu. Mjomba ni kuli bandarini, alipata TB, akaanza dawa za miezi sita, na moja katika zile dawa ni isoniazidi ambayo imetumika tangu 1952. Mwezi wa pili miguu ikaanza kumchoma kama amekanyaga makaa, alafu ganzi. Alipokwenda kliniki moja kueleza akaambiwa ni kusimama sana kazini. Akataka kuacha dawa, na mtu wa TB akiacha dawa katikati nyote mwajua. Sisi kwenye klabu ndio tulikuwa tunasoma kwamba ini linaitoa isoniazidi mwilini kwa kuipachika asetili, kuna enzaimu yake inaitwa NAT2, na watu hatukurithi enzaimu sawa, wengine yapachika haraka na wengine polepole. Wa polepole dawa inakaa kwenye damu muda mrefu, inaharibu mambo ya vitamini B6, neva za miguu zinaumia. Si mjomba peke yake, watu wa polepole ni wengi sana duniani, hapa Afrika pia. Mwalimu akatuambia msijifanye madaktari, mrudisheni mjomba wenu kwa watu wa dawa, tukamrudisha mahali pengine, nesi mmoja akamsikiliza mpaka mwisho akampa vidonge vya B6. Miguu ilitulia kidogo kidogo na dawa alimaliza zote. Ningependa sana, daktari, siku moja mtu akianza dawa za TB Mombasa hii awe anajulikana mapema kama ni wa haraka au wa polepole, asingoje miguu imwambie.

Utafiti mwingine unaotusisimua ni wa DNA, ule uzi unaobeba jeni zetu za urithi. Kila seli ina uzi wa DNA kama mita mbili, umezungushwa juu ya protini zinaitwa histoni kama uzi wa fundi kwenye roli yake. Histoni ina chaji chanya, DNA ina chaji hasi, zinakumbatiana. Ukiipachika histoni asetili ile chaji inazimwa, kumbatio linalegea, na jeni zilizofichwa hapo zinaweza kusomwa, ukibandua asetili zinafungwa tena. Vincent Allfrey alilisema hilo mwaka 1964 kule New York na wengi hawakulitilia maanani, mpaka 1996 David Allis na wenzake walipoikamata enzaimu inayopachika, wakaitoa kwenye kidudu cha seli moja kinachoishi kwenye madimbwi. Miaka kumi baadaye, 2006, Marekani ikaruhusu dawa ya vorinostati kwa aina moja ya saratani inayotokea kwenye ngozi, dawa ambayo inazuia asetili isibanduliwe. Hiyohiyo wakaijaribu kwa virusi vya ukimwi, kwa sababu virusi vingine hulala ndani ya seli ambapo ARV haziwezi kuvigusa, wakasema tuvilegezee uzi viamke tuvipige. Viliamka kweli. Lakini idadi ya vilivyojificha haikupungua, na mpaka leo watu bado wanatafuta cha kuongezea. Sisi tulipofika hapo tulibishana mpaka saa kumi na mbili mlinzi akaja kutufungia, yani kuona kwamba nusu ya jibu imeshapatikana na nusu inangoja mtu, na huyo mtu kwa nini asiwe wa hapa.

Kuna moja nilitaka nisiliseme lakini wenzangu wakaniambia lisemwe. Mwaka 1897 huko Ujerumani, kwenye maabara ya kampuni ya dawa ya Bayer, Felix Hoffmann aliipachika asetili kwenye asidi ya salisili ikawa aspirini, na katika siku chache tu za mwezi huohuo akapachika asetili mbili kwenye mofini, ile dawa kali ya maumivu. Hiyo ilikuwa heroini. Mwingereza mmoja, Alder Wright, alikuwa ameshaitengeneza tangu 1874 akaiacha, Bayer wao wakaiuza mwaka 1898 kama dawa ya kikohozi. Zile asetili mbili zinaifanya mofini ipite haraka kuingia kwenye ubongo, ikifika ndani zinabanduliwa inarudi kuwa mofini. Basi. Kiraka kilekile kilichomlinda bibi yangu, ndicho kilichomchukua kijana wa mtaani kwetu tuliyekuwa tukicheza naye mpira wa makaratasi, aliyekuwa akituhesabia hesabu za kidato cha pili kichwani bila kalamu. Watu wanamuita teja. Sisi kwenye klabu tumekubaliana hilo neno hatulitumii tena. Sasa anakwenda kunywa metadoni, dawa ya kumsaidia mtu aachane na heroini, kila asubuhi, na juzi alitusalimia kwa majina yetu.

Mheshimiwa mgeni rasmi, maombi yetu ni machache. Maabara yetu iko upande wa bahari, kemikali zinalowa kabla hata hatujazifungua, twaomba utusaidie tupate makopo mazuri ya kuziba na zile punje za kukausha hewa, na kloridi ya chuma, manake ile tuliyo nayo imebaki kidole kimoja chini ya chupa. Twaomba kila muhula mtu mmoja kutoka kwenye matibabu ya TB au metadoni aje kukaa na sisi saa moja tu, tumuulize. Na twaomba barua yako ya kutufungulia mlango kule Kilifi kwa watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, nauli ya basi wazazi wameshaanza kuchanga, hapa ninapozungumza tumefika nusu.

Testitubu ziko pale kwenye meza ya dirishani, mbili, moja ina kidonge kipya na nyingine ina kidonge cha mwisho cha lile kopo la bibi, nimekihifadhi makusudi kwa siku ya leo. Na bibi mwenyewe yuko pale mstari wa mbele, wa leso nyekundu. Twaomba tone la kwanza ulitie wewe.