Kabla hamjapakia kontena: barua kwa vijana wetu wa ughaibuni

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Wanangu na wajukuu zangu mlioko London, Toronto na kwengineko, pamoja na marafiki zenu wasio wa kwetu ambao kwa ajili yenu wameanza kuipenda Pemba,

Ujumbe wenu umefika na umesomwa mbele ya sheha, walimu na wazee. Mnasema fedha mmekusanya. Mnataka kuja Julai na wenzenu, mjenge madarasa mawili kwa mikono yenu katika muda wa wiki mbili, na kabla yenu litangulie kontena la nguo, vitabu na kompyuta. Nimepewa mimi kazi ya kujibu kwa sababu nimesomesha skuli za Wilaya ya Micheweni mpaka nikastaafu, na wazazi wa baadhi yenu niliwafundisha kushika kalamu. Naandika wazi kwa kuwa vikundi kama chenu ni vingi, na maneno haya yanawafaa wote.

Shukurani zetu zipokeeni kabla ya jambo lolote. Mtu anayefanya kazi zamu ya usiku katika nchi ya baridi, akalipa kodi ya nyumba, akalisha watoto, kisha akakata pauni kumi kila mwezi kwa ajili ya kijiji alichokiacha mdogo, huyo kwetu si mfadhili. Ni mtoto wa nyumbani. Na mtoto wa nyumbani huambiwa ukweli.

Madarasa msijenge nyinyi.

Huku madarasa yanajengwa kwa msaragambo, kama wazazi wenu walivyojenga yale waliyosomea. Watu huchimba msingi, hubeba mawe na mchanga, hufyatua matofali, na ukuta hupanda mpaka kwenye linta, yaani boriti ya juu ya milango na madirisha. Baada ya hapo husubiriwa Serikali iezeke na kumaliza. Mkizunguka mashamba ya Pemba mtayaona mabanda ya madarasa yaliyofika linta yakasimama hapo, mvua inayanyea na majani yanaota ndani. Mikono haikupungua hata siku moja. Kilichopungua ni mbao, mabati, saruji ya sakafu na ujira wa fundi wa kupaua. Sasa pigeni hesabu ya tikiti za ndege za watu wote mnaotaka kuja, mtie na chakula na gari, kisha muulizie bei ya bati Wete. Mtaona wenyewe ni mabanda mangapi yangeezekwa.

Tena wapo waashi wetu, vijana wa rika lenu, wanaokaa barazani kutwa kwa kukosa kazi. Wazee walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi ikiwa mgeni amekuja kumpokonya mwiko mkononi? Na Julai, mwaka ukiwa wa neema, ndipo mchumo wa karafuu unapoanza. Watu wazima wamo mikarafuuni, na nyinyi mtabaki mnajenga peke yenu mkitazamwa na watoto.

Lakini jambo linaloniuma zaidi si ukuta. Ni vitu vinavyoletwa kwa furaha, vikazinduliwa kwa ngoma, kisha vikafa. Katika shehia moja jirani kikundi cha watu wema kilileta pampu ya maji ya umeme wa jua. Ilifanya kazi vizuri sana. Mota ilipoungua hakuna aliyejua kipuri kinanunuliwa wapi, hakuna fedha iliyowekwa kando, na wale wema walikwisharudi kwao na nambari zao za simu zimebadilika. Paneli zipo juu ya mnara mpaka leo. Wanawake wamerudi kisimani na ndoo, na sasa ni vigumu zaidi kuwashawishi wachangie mradi mwengine, maana wameshaona.

Msidhani haya ni ya Pemba tu. Mwaka 2006 huko Marekani ilitangazwa ahadi ya dola milioni 16.4 kwa ajili ya pampu zilizoitwa PlayPump, gurudumu la kuchezea ambalo watoto wa vijiji vya kusini mwa Afrika wangelizungusha na maji yakapanda tangini. Zilikusudiwa pampu 4,000 kufikia mwaka 2010. Ukiisikia habari hiyo unaipenda papo hapo, na picha zake zilikuwa nzuri. Watoto walipochoka au walipokwenda skuli, kina mama, wakiwemo vikongwe, wakabaki kulisukuma gurudumu lile wapate ndoo moja. Kuna vijiji ambavyo pampu ya mkono iliyokuwa nzima iling'olewa ili kuipisha hiyo mpya. Lengo halikufikiwa. Nawaomba mtazame jambo moja hapo: fedha zilikuwepo na nia ilikuwepo, lakini mama mwenye ndoo hakuulizwa.

Sasa tazameni waya wa umeme uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga mpaka Pemba mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Nao ulitoka nje, tena ni mkubwa kuliko chochote mtakachoweza nyinyi. Lakini nyuma yake lipo Shirika la Umeme lenye mafundi wake, wapo wa kusimamisha nguzo ikianguka, na sisi tunanunua umeme kila mwezi. Waya bila watu hao ungekuwa kama paneli za jirani zetu.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa kichocho. Mama zenu wanakumbuka jinsi watoto wa skuli walivyokuwa wakikojoa damu, na wengine wakidhani ni jambo la kawaida la ukuaji. Dawa yake, praziquantel, hutolewa bure na kampuni ya Merck ya Ujerumani kupitia Shirika la Afya Duniani. Utafiti umefanywa kwa miaka mingi na watu wetu pamoja na wageni, na hapa Pemba kazi hiyo imebebwa na Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri, iliyopo Wawi, Chake Chake, tangu mwaka 2000. Waliopita nyumba kwa nyumba na vidonge ni majirani: mtu anayejulikana, anayejua nyumba ya nani ina mgonjwa, na nani atakataa mpaka aelezwe na babu yake. Ugonjwa umeshuka mno. Na unarudi pale watu wanapolegea, kwa sababu konokono wake bado wamo mitoni na mabwawani. Hiyo ndiyo misaada iliyofaa: dawa imetoka mbali, elimu imechanganywa, mguu ni wa mwenyeji, na kazi haikukoma baada ya picha.

Kwa hiyo mkitaka shauri langu juu ya zile pauni kumi, ni hili. Msizikusanye kwa ajili ya kitu kipya. Ziwe mfuko wa kukarabati. Mwaka huu ziezeke banda moja lililokwisha kusimama. Baada ya hapo kila mwezi kidogo kidogo ziweke kipuri cha pampu, betri ya umeme wa jua kwenye kituo cha afya, dawa ya kutibu maji ya tangi, mafuta ya chombo kinachomvusha mama mjamzito kutoka kisiwani usiku. Hakuna mtu atakayekata utepe kwa ajili ya kipuri, nalijua hilo. Lakini Mtume, rehema na amani zimshukie, alifundisha kuwa amali inayopendwa zaidi na Mwenyezi Mungu ni ile inayodumu, hata ikiwa ndogo. Sijui maneno mengine yanayomfaa mtu wa pauni kumi kuliko hayo.

Na mtumeni mmoja akusanye, kisha apeleke kwa pamoja mara moja kwa miezi mitatu. Takwimu za Benki ya Dunia zimeonesha kwa miaka kuwa kutuma dola 200 katika nchi za Afrika kusini mwa Sahara kunakula wastani wa karibu asilimia 8, na Umoja wa Mataifa umeweka lengo la kushusha gharama hiyo iwe chini ya asilimia 3 ifikapo 2030. Watu thelathini wakituma kila mtu chake, ada inakatwa mara thelathini. Fedha ziingie akaunti ya kamati, si simu ya mtu mmoja hata akiwa ni binamu yenu mnayemwamini, na sahihi ziwe za watu watatu, mmoja wao mwanamke. Hesabu ibandikwe ukutani skuli na msikitini, kila mtu aione. Mkituma bila kudai hesabu mnatuharibia sisi, kwa sababu mwizi mmoja akipata njia, waaminifu kumi wanachafuka naye.

Mnauliza: basi tusije? Njoni. Sana. Lakini mje na kile mnachokijua.

Katika kundi lenu wapo wauguzi, wapo mafundi umeme, wapo wahasibu, yupo kijana aliyesoma hisabati mpaka shahada ya pili. Muuguzi akikaa mwezi mzima katika kituo kimoja, pembeni ya muuguzi wetu, akimsikiliza kabla ya kumfundisha, ataacha kitu. Huyo wa hisabati si lazima apande ndege: saa moja kwa wiki kwa simu na walimu wetu wawili, mwaka mzima bila kukosa, itawafikia watoto wengi kuliko wiki mbili za rangi ukutani. Skuli zetu za mashamba zina shida kubwa ya walimu wa hisabati na sayansi, kuliko shida ya kuta.

Kule Kinyasini, Unguja, kipo chuo cha Barefoot College, taasisi iliyoanzishwa India mwaka 1972 katika kijiji cha Tilonia. Wanafunzi wake ni wanawake wa vijijini, wengi hawakusoma sana, wengine wana wajukuu. Wanafundishwa kufunga na kutengeneza umeme wa jua, kisha wanarudi vijijini kwao. Taa ikizimika, fundi ni mama wa nyumba ya tatu. Kumlipia mama mmoja nauli na posho ya mafunzo, na kumnunulia vifaa anaporudi, ni jambo lililo ndani ya uwezo wenu kabisa.

Na msiwasahau wakulima wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, na Pemba ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar. Maji ya ufukweni yamezidi joto, na aina ya kotonii, yenye bei nzuri, inakufa. Dkt. Flower Msuya wa Zanzibar amefanya kazi miaka mingi na wakulima hawa, akiwaonesha namna ya kuilima katika nyavu za mirija kwenye kina kirefu. Kina kirefu kinataka chombo, na kinataka mwanamke ajue kuogelea. Dada zenu wanaofundisha kuogelea huko ughaibuni wangekuja na jambo ambalo hakuna kontena linaloweza kulileta.

Kontena lenyewe, kwa kweli, liacheni. Litakaa bandarini Unguja likilipiwa, litahitaji chombo chengine kuja Pemba, na ndani yake mtakuta vitabu visivyo vya mtaala wetu na kompyuta zilizochoka kwenye ofisi za watu. Qur'ani inatuambia hatutaufikia wema mpaka tutoe katika tunavyovipenda. Nguo aliyoichoka mtu wa London haipendi tena. Mafundi cherehani wa Wete na Chake wanashona sare za skuli vizuri, kwa kitambaa kipya, na mtoto akivaa sare mpya hakuna wa kumwambia imetoka wapi.

Hilo linanipeleka kwenye picha. Msimpige picha mtoto wa mtu akiwa na kamasi na nguo iliyochanika ili watu wachangie. Ana mama. Ana jina, na kesho atakuwa mwalimu au daktari na picha ile itakuwa bado inazunguka. Mwenyezi Mungu ametukataza kuharibu sadaka kwa masimbulizi na maudhi. Pigeni picha ya paa, ya pampu inayotoa maji, ya daftari la hesabu. Mtu akikataa kuchanga mpaka aone machozi, mwacheni na fedha zake.

Wale marafiki zenu wasio wa kwetu tutawapokea kama wageni wetu. Waambieni mapema kwamba viza ya utalii hairuhusu kazi hata ya kujitolea, kwa hiyo watafute kibali. Wavae mavazi ya heshima kijijini, na wakija Ramadhani wasile barabarani. Wakae katika nyumba za watu na walipe chakula chao, wala wasione haya kulipa wala sisi hatutaona haya kupokea. Na waelezeni kuwa kujitolea hatukufundishwa na mtu. Usiku ule wa Septemba 2011 meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi ikija Pemba, wavuvi walitoka na vyombo vyao gizani kuwafuata watu wa baharini. Hawakusubiri kuitwa, na hawakujua wanamwokoa nani.

Tunalotaka kwenu sasa ni mambo mawili. Sheha atakutumieni orodha ya mbao na mabati ya banda lililosimama, pamoja na bei za maduka mawili ili mlinganishe. Ijibuni kabla ya Machi, maana masika yakiingia mbao zitalowa na fundi hatapanda juu. Pili, tuleteeni majina ya mlio nao ujuzi, kila mtu na kazi yake na miezi anayoweza kuitoa, tukae na walimu na wauguzi wetu tuwaulize wao wanamtaka nani kwanza.

Wassalam,
Mwalimu wenu mstaafu,
Micheweni, Pemba