Barua kwa Rehema, kabla hajaenda Wilson

Arusha, Alhamisi usiku

Shoga yangu Rehema,

Salamu nyingi. Mimi mzima, watoto wazima, mvua imegoma, hofu ni kwako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokaririshwa darasa la tano. Haya, salamu zimekwisha. Nina ugomvi na wewe.

Jana Sele kanionyesha ujumbe wako. Kwamba Jumatatu unairusha ile ndege yetu ya Caravan kwenda kiwanja cha Wilson, Nairobi, mara yako ya kwanza, na alipokuuliza kama umeshakiangalia kile kiwanja ukamjibu, "Kiwanja ni kiwanja, nikishatua si nimefika?" Na kikatuni cha kucheka juu. Sele alicheka sana. Mimi nimeshindwa kucheka tangu jana, nikaona bora nikuandikie, maana nikikutumia sauti ya dakika tisa utaiharakisha huku unakaanga samaki.

Hujafika, Rehema. Ukishatua ndiyo unaanza kupotea.

Wewe umezoea Unguja, njia moja tu ya kurukia, imeandikwa namba ya dira 18 upande huu na 36 upande ule, utakosea wapi? Mimi huku mbugani shida yangu ni pundamilia. Nimeshawapita juu kwa juu sijui mara ngapi wajifikirie waondoke. Lakini pundamilia angalau unamwona. Wilson kuna njia mbili, 07/25 na 14/32, na asubuhi moja hiyo hiyo wanataka kuondoka wanafunzi, watalii, wabeba miraa na ndege za madaktari, wote pamoja. Juu ya hapo waongoza ndege wa mnara wanaongea haraka kama makondakta wa Kariakoo. Wewe unakuja kutoka baharini, kiwanja kiko zaidi ya futi 5,500 juu ya bahari, baridi, umechoka, karatasi za forodha ziko mapajani. Hapo ndipo utakaposema "sawa".

Neno lenyewe ndilo lililonitoa usingizini. Ngoja nikusimulie jambo ambalo nimemwambia Kapteni Mushi peke yake, na ile karatasi ya ripoti.

Mwaka juzi nilipeleka wageni kwenye kiwanja kimoja nje ya nchi. Sikitaji, wenyewe hawana kosa. Kurudi, jioni, mvua imetoka kunyesha, jua limelala chini na lami yote inameremeta kama sinia. Mnara wakaniambia nipite njia fulani ya pembeni na nisimame kabla ya njia ya kurukia. Nikayarudia maneno yao vizuri kabisa, na namba ya ndege juu. Ila sikuandika. Nikaanza kutembea, rubani mwenzangu kainamisha kichwa anaingiza safari kwenye GPS, mimi natafuta kibao. Kibao sikukiona, nikaona kona. Kona ilifanana na ile ya kwenye chati, ramani ya kiwanja. Mwenzangu akainua kichwa akauliza, "Huu ndio mstari wetu?" Nikamjibu, "Sawa, sawa," na mguu wangu haujagusa breki.

Kumbe mstari wetu nilikuwa naukanyaga. Ile mistari minne ya njano tunayoifundisha hata wanafunzi wa wiki ya pili: mizima miwili ikiwa upande wako unasimama, ya vipande ikiwa upande wako unaendelea mpaka mkia wote utoke. Kwa ule mng'ao nilidhani ni rangi kuukuu. Pua ilishapita nilipoziona taa za ndege nyeupe nyeupe, inakuja kutua. Mnara wakamwambia apande tena. Alipanda. Akatupita juu nikasikia injini zake tumboni.

Hakuna aliyeumia. Wageni nyuma walipiga picha, wakadhani ni maonyesho.

Sasa wewe niambie, nilikuwa nimepotea? Ningekuwa najua nimepotea ningesimama. Nilikuwa na uhakika! Jicho lilikwenda kwenye chati likaichukua kona, likaja nje likaibandika kwenye kona ya kwanza iliyopatikana. Na ule uhakika ukishaingia, swali la mwenzako linakuwa usumbufu, unalizima kwa "sawa". Sele anasema hiyo ni tabia ya Kiswahili, tunaona haya kumwambia mtu hatujaelewa. Mimi nambishia, maana wazungu nao yaliwakuta, tena vibaya kuliko kote.

Unaikumbuka ajali ya Tenerife, kule visiwa vya Hispania, ya mwaka 1977? Chuoni tuliisoma kama tarehe ya mtihani, Machi 27, watu 583 walikufa. Nimeirudia usiku huu kwa jicho la mgeni. Ndege kubwa zote mbili zilizogongana, jumbo ya KLM na ya Pan Am, hazikutakiwa kuwa pale, zilielekezwa pale kwa sababu ya bomu kwenye kiwanja cha Gran Canaria. Wote wageni basi. Kiwanja kidogo, kimejaa ndege hadi kwenye njia za pembeni, ikabidi watembee juu ya njia yenyewe ya kurukia, na ukungu ukashuka. Pan Am wanaambiwa watoke kwenye njia ya tatu. Wanauliza, wanahesabiwa moja, mbili, tatu. Bado wakaipita. Huku KLM anasema anaruka, na mnara wanamjibu, "OK..." halafu wanaendelea kumwambia asubiri, wakati ule ule Pan Am anapaza sauti kwamba bado yuko njiani. Sauti mbili zikagongana kwenye redio, ukatoka mluzi. Kilichosikika vizuri kwa KLM ni lile "OK".

"Sawa" hiyo, Rehema. Ndiyo maana siku hizi neno la kuruka halitajwi redioni mpaka liwe ndani ya kibali chenyewe cha kuruka au wakati wa kukifuta kibali hicho, na ukiambiwa usimame kabla ya njia lazima uyarudie maneno yote, kujibu "roja" kavu haikubaliki.

Na ya Milano je, Linate, Oktoba 8, 2001? Ndege ndogo ya Cessna imeambiwa ipite njia ya pembeni R5, ikaingia R6. Ukungu tena. Rubani akawa anataja S4, alama aliyoiona imechorwa chini, na mwongoza ndege hakuijua ni ipi. Wakaendelea kuongea! Mmoja anataja mahali ambapo mwenzake hana, na kila mmoja anaamini wameelewana. Rada ya ardhini haikuwa ikifanya kazi. Ndege ya abiria ya SAS ilikuwa inakimbia kuruka, ikaigonga. Walikufa watu 118, wanne kati yao walikuwa chini kwenye jengo la mizigo. Hiyo sehemu ya S4 naisoma narudia. Nawaza, kama mmoja tu angesema, "Ngoja, S4 ni wapi?"

Usiniambie hayo ni ya ukungu na Ulaya ya zamani. Haneda, Tokyo, Januari 2, 2024, usiku lakini anga safi, ndege ya walinzi wa pwani inapeleka misaada ya tetemeko, na pale ni nyumbani kwao. Aliambiwa asogee mpaka pa kusimamia, yeye ni namba moja. Akasikia "namba moja" akaingia njiani, akakaa pale sekunde arobaini hivi mpaka Airbus ikamtulia mgongoni. Abiria na wahudumu 379 wa Airbus walitoka wote, Alhamdulillahi. Kwenye ile ndogo watano kati ya sita hawakutoka. Kama mwenyeji yanamkuta hayo, wewe na samaki wako?

Mgeni njoo mwenyeji apone, wanasema. Mgeni wa kujidai hamponyi mtu.

Basi nakuomba, na hili ni ombi si amri, ingawa nimekuzidi miezi minne kazini. Jumapili usiku chukua chati mpya ya Wilson, usiiangalie kwenye simu, ichore kwa mkono wako nyuma ya karatasi ya matangazo ya kiwanja, na hayo matangazo, hizo notamu, uyasome kweli, kuna wakati kipande cha njia kinafungwa na chati haijui. Maduara yanayoonyesha mahali watu wanapokosea, yachore kwa wino mwekundu. Ukishatua, toka njiani mpaka mkia uvuke mistari, kisha usimame. Usirudishe flapu za mabawa wala kutafuta risiti huku unatembea. Ukipewa maelekezo, andika, halafu rudia. Na mwambie mnara, kwa sauti yako hiyo ya kuimbia kwaya, kwamba wewe ni mgeni na unaomba uongozwe hatua kwa hatua. Hawatakula. Mimi siku hizi nasema hata Dar nikiwa na wasiwasi, na pale nimepazoea tangu mafunzo. Kuna kijana mmoja wa mnara kanizoea, akisikia sauti yangu anauliza, "Mama leo tena mgeni?" Nacheka, naandika.

Kabla hujavuka njia yoyote, hata kama una kibali, geuza shingo kulia na kushoto kama tulivyokuwa tukivuka Barabara ya Nyerere. Washa taa zote. Kabla hujaongeza moto wa kuruka, dira isome namba iliyoandikwa chini, la sivyo usiguse kitu. Na taa nyekundu zilizopangwa kukata njia zikiwaka huzivuki hata kama mnara wamekuruhusu, uliza kwanza.

Nimekuwa bibi, najua. Sele keshaniambia.

Kingine cha haraka: Mama Nasra anadai pesa ya kikoba, anasema wewe ndiye umebaki peke yako. Sikuongeza neno. Na ule mgogoro wa zamu za Desemba bado, nitakueleza tukionana, siuandiki hapa maana barua husomwa na wengi.

Haya nijibu. Nani anakaa kiti cha kulia, ni yule kijana mpya au unakwenda peke yako? Kama ni yeye, je, anaweza kukukatiza unapoongea au anakuogopa? Muulize kweli, asikujibu kwa adabu. Utafika saa ngapi, maana saa nne asubuhi pale sijui kama ningekutakia? Mafuta unajaza huko au unarudi nayo? Mguu wa mama umepoa? Na yule fundi wa Mombasa ameshakupigia au bado "anajipanga"?

Ukirudi niletee majani ya chai, ya Kericho, si yale ya hotelini. Na Jumapili usiku nitumie picha ya huo mchoro. Nitakuwa macho.

Wako,
Zawadi

Halafu: Kapteni Mushi anauliza jaketi lake. Anasema unalo tangu Kigoma. Baridi ya Nairobi isikupe wazo la kuendelea nalo.